Teleka wa Wikio

Nilipewa ngazi, mifuko minne ya saruji
na neno moja: ziba.
Ziba chini ya wikio lote,
chumba kile kilichoruka kichochoro
kikashika ukuta wa shangazi na ukuta wa mpwa,
maana mwenye nyumba sasa anapangisha kwa usiku,
na mgeni wa juzi alinyewa begi lake.

Ndiyo, wananya. Sikatai.
Dakani pamekuwa kama pamepakwa chokaa na mlevi.
Lakini nilipopanda na tochi
nikaona boriti za mkandaa, nyeusi kwa umri,
na kati ya boriti na boriti
viota: unyoya, uzi wa kanzu, majani ya mvinje,
vyote vimegandishwa kwa mate.
Kwa mate!
Mimi huchoma matumbawe, huroweka, huchuja, hungoja,
na bado kazi yangu hubanduka masika.

Wanaitwa teleka.
Kama chungu: kikishatelekwa, hakishuki mpaka kiive.
Hula juu, hunywa juu,
na fundi aliyenifunza alisema hata kulala hulala juu,
bawa moja likiota, la pili likikesha.
Miguu wanayo, ya kuning'inia tu.
Ardhi hawakuandikiwa.

Nikashuka. Nikamwambia Famau asikoroge.
Sikumwambia kwa nini.

Kwa nini ni Langoni, miaka kumi na moja nyuma.
Niliziba asubuhi, kazi safi, nikasifiwa.
Adhuhuri wazazi walirudi
wakapiga vifua kwenye plasta mbichi;
alama zilibaki, nikazipitishia mwiko.
Usiku, ndani ya ukuta: kwaru, kwaru.
Nilikuwa nalala palepale kulinda vifaa.
Nikajiambia ni panya.
Siku ya tatu panya akanyamaza.

Mwalimu Somoe alinikuta nimekalia mfuko wa saruji.
Yeye ana daftari la hesabu za teleka,
kila Jumapili alfajiri, shingo juu, buibui limeingia vumbi.
"Mwaka juzi mia na sita. Mwaka jana sabini.
Wewe, Badi, umeziba wangapi?"
Nikamwomba maji ya kunywa.

Tulimwendea mwenye nyumba pamoja.
Somoe alizungumza mbu, alizungumza vizazi.
Mimi nilizungumza bei.
Bei ndiyo iliyosikika:
ubao mmoja wa kukinga kinyesi juu ya daka,
ufa wa mashariki usiguswe mpaka makinda watoke,
na ukutani nitoboe vidaka kumi na vinne,
vya kuingia ngumi ya mtoto, chokaa tupu.
Nyanya zetu vidaka walivijaza sini.
Mimi vyangu niliviacha na giza.

Siku ya nane Famau aliokota mmoja
katikati ya kwato za punda,
mabawa marefu kuliko mwili, kama nguo ya kaka.
Akataka kumrusha.
"Usimrushe!"
Somoe akapanda naye hadi sakafu ya juu,
akakunjua kiganja, akangoja.
Tulingoja sana. Chai ilipoa.
Kisha kiganja kikawa kitupu,
na sote watatu tulikuwa tumepepesa macho.

Mwaka mzima vidaka vyangu vilikaa na upepo.
Somoe akafunga simu dirishani
ikilia mlio wao, siriii, siriii,
hadi Bi Rukiya wa jirani akauliza
tumemfungia nani humo ndani.
Sikuweza kumjibu.
Mate yalinikauka.

Leo kidaka cha saba kina unyasi,
umening'inia kama uzi wa kofia isiyomalizwa.
Somoe anasema huenda ni shomoro.
Huenda.
Ngazi nimeirudisha kwa mwenyewe.
Nimesimama kichochoroni, kofia yangu ya Idi kichwani,
nangoja kunyewa.